Kupunga Upepo Ugenini: Mwongozo Kamili wa Siku Moja Isiyo na Ratiba Mjini Maskati

Kila likizo ikiisha naletewa malalamiko yaleyale. Familia ilikwenda Maskati, mji mkuu wa Omani, katikati ya safari ikajiambia, "Kesho hatuendi popote, tunapunga upepo tu." Kufika saa nane mchana baba kakimbilia duka kubwa kutafuta kiyoyozi, watoto wamenuna, bibi miguu imemvimba, na mama anapiga hesabu ya nauli za ndege huku akijiuliza walifuata nini.

Karibu wote hukosea palepale. Wanafuta ratiba, halafu maamuzi yote wanayaacha wazi. Kila baada ya dakika kumi mtu anauliza tunakula wapi, choo kiko wapi, tunarudi saa ngapi, nani ana chenji. Watu sita wakiulizana hivyo tangu asubuhi, hakuna anayepumzika. Katika mwongozo huu maamuzi hayo madogo tunayamaliza usiku wa kuamkia siku yenyewe, mchana pabaki kutembea, kukaa na kula.

Nimeuandikia Mutrah, upande wa bandari ya zamani ya Maskati, kwa sababu ndiko nilikofanyia makosa yangu: mara ya kwanza tukiwa watu watano, mara ya pili sita pamoja na mama mkwe. Utumieni kuanzia Novemba hadi Machi. Kati ya Mei na Septemba joto la huko huweza kupita nyuzi 40, na mtu anayekwambia utembee kando ya bahari saa sita mchana mwezi wa Juni hakupendi.

## Vitu vya kuandaa

- Malazi ya kufika baharini kwa miguu. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Maskati ni mji mrefu, umejinyoosha kando ya barabara kuu. Mkilala mbali, kila mnachotaka kinahitaji teksi, na kila teksi ina mjadala wake.
- Hela taslimu, ndogondogo. Rial moja ya Omani ina baisa 1000, na thamani yake ni kama dola 2.6 za Marekani. Wengi huiona noti ya rial 5 wakadhani ni kitu kidogo, kumbe ni dola 13. Sisi sita tulitenga rial 20 kwa siku nzima, na chenji ikabaki.
- Kanga mbili. Za kukalia, kujitanda, kumfunika aliyelala na kufutia mikono. Sijaona mkoba wa safari unaozidi kanga.
- Maji, kofia, na dawa za anayetumia dawa.
- Karatasi yenye jina la hoteli kwa Kiarabu, moja katika kila mfuko wa mtoto. Waombeni mapokezi wawaandikie kwa mkono.
- Simu moja yenye intaneti. Moja tu.
- Karata.

Viatu vipya viacheni chumbani. Nimeshambeba mtu mwenye malengelenge, sirudii.

## Hatua ya 1: Chagueni siku yenyewe

Iwe siku ya tatu au ya nne ya safari. Siku ya kwanza mna uchovu wa ndege, na siku ya mwisho roho iko kwenye mizigo na zawadi za watu. Nzuri kabisa ni ile inayofuata safari ndefu, mathalani mlikwenda mji wa Nizwa, karibu saa mbili kwa gari, mkarudi usiku. Asubuhi yake miguu yenyewe inaomba kukaa.

Isiwe Ijumaa. Asubuhi yake maduka mengi hufungwa hadi alasiri, na kama nyinyi ni Waislamu siku hiyo ina ratiba yake tayari.

## Hatua ya 2: Usiku wa kuamkia, malizeni maamuzi matano

Kusanyikeni kitandani, wote, hata mdogo. Robo saa inatosha.

Kwanza, chai ya asubuhi mtakunywa wapi. Pili, mchana mnarudi chumbani saa ngapi. Sisi huwa saa saba kamili. Tatu, kibeti cha hela kinakaa kwa nani. Nne, ile simu moja anashika nani, na nyingine zinalala droo gani.

La tano ndilo watu hulipuuza, nalo ni orodha ya Hapana. Yatajeni kwa sauti yale ambayo kesho hamyafanyi. "Kesho hatuendi Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Hatuendi jumba la opera. Hatuendi kupanda boti." Mtoto aongeze lake, bibi aongeze lake.

Msipoitaja, orodha hiyo itakuja yenyewe mezani. Mara ya kwanza sisi hatukuitaja. Tukiwa katikati ya chai, baba watoto akauliza kwa upole kabisa, "Kwani ule msikiti uko mbali?" Swali dogo tu. Mmoja akasema wageni huruhusiwa asubuhi tu, mwingine akasema basi tuwahi, na saa nne tukawa ndani ya teksi kwenye barabara kuu, nguo za heshima za msikitini tumeziacha hotelini. Siku ikawa imekwisha kabla ya saa sita. Mara ya pili, yeye mwenyewe ndiye aliyeanza: "Kesho sikuulizeni chochote kuhusu msikiti."

Dalili kwamba mmefanikiwa: mtu anauliza, "Sasa kesho tutafanya nini?" na hakuna mwenye jibu, ila kila mtu anajua atakunywa chai wapi.

## Hatua ya 3: Alfajiri, msiamshane

Katika kila familia yuko mtoto anayeamka na jogoo. Huyo asiwaamshe wengine. Mtu mzima mmoja atoke naye, waende soko la samaki la Mutrah. Liko mwisho mmoja wa barabara ya pwani, jengo la mwaka 2017 lililosanifiwa na kampuni ya Snøhetta ya Norway, lenye paa la mapande membamba ya alumini yanayopitisha mwanga kwa mistari.

Kwa mtoto wa Tanga au Kilwa, soko hili ni geni na si geni. Nguru wamelazwa mezani kama wa kwetu, ila hapo wanaitwa kanad. Jodari amekatwa mapande mekundu kama nyama ya ng'ombe. Muuzaji alimwona binti yangu amekodoa macho, akamfunulia shavu la samaki, akamwonesha kwa kidole wekundu wa ndani, halafu akachukua mwingine na kumwonesha ulivyofifia. Hakuna aliyesema neno. Mtoto wa miaka kumi alirudi hotelini akijua kumtambua samaki aliyevuliwa leo na aliyelala.

Simameni pia pale wanapopaa na kukata. Mteja hununua meza hii, humpelekea mkataji meza ile, na kisu kinapita bila kusita.

Tahadhari: sakafu ina maji, ndala huteleza. Na msinunue samaki. Baba watoto alirudi na nguru wa kilo tatu kwenye mfuko mweusi, hoteli haina jiko. Tulimpa mlinzi wa lango, akafurahi kuliko sisi sote.

## Hatua ya 4: Chai ya pili

Mikahawa midogo ya Maskati haina makuu: meza za plastiki nje, gari linakuja linapiga honi, kijana anatoka na trei. Karak, ile chai ya maziwa iliyokolea iliki, ni baisa 100 au 200 kwenye kibanda cha kawaida. Agizeni pia mkate wa rakhal, mwembamba kama karatasi, umekunjiwa yai na jibini.

Sharti la hatua hii ni moja. Hakuna kuinuka kabla ya chai ya pili.

Chai ya kwanza ni ya njaa. Watu wananywa huku wanatazama barabarani, mguu mmoja tayari uko nje. Ya pili inapofika, tumbo limetulia na midomo inafunguka. Ndipo mama mkwe alipotusimulia alivyotoka nyumba ya harusi yake mwenyewe, mlango wa uani, kwenda kununua embe bichi na pilipili, na watu wakamtafuta saa nzima. Nimeolewa na mwanawe miaka kumi na saba, sikuwahi kuisikia.

Kabla ya kuondoka kila mtu aende chooni, hasa yule anayesema hana haja.

## Hatua ya 5: Anayetembea polepole ndiye atangulie

Katika matembezi ya kawaida kijana wa miaka kumi na tano yuko mbele, bibi yuko nyuma na baba yuko katikati anapiga kelele pande zote mbili. Geuzeni. Bibi au mtoto mdogo aongoze, na asipitwe na mtu. Akikaa, wote mnakaa. Akisimama kutazama paka, wote mnatazama paka, na Mutrah paka hawakosekani.

Sababu ni ya kawaida tu: aliye nyuma hutembea kwa wasiwasi, na wasiwasi huchosha kuliko njia. Mama mkwe alipowekwa mbele, magoti yalimuuma kidogo kuliko siku zote, kwa kauli yake mwenyewe.

Njia ya kando ya bahari ni tambarare na ina mabenchi. Mkitokea soko la samaki, kushoto mna maji na majahazi bandarini, kulia majumba meupe, na nyuma yake milima mikavu ya mawe, haina hata kichaka. Mbele zaidi, juu ya kilima cha Riyam, kuna chetezo kikubwa cheupe cha kujengwa. Watoto watataka kukifikia. Waambieni tukifika tumefika. Sisi hatukufika.

Tahadhari mbili. Jirani na soko kuu la Mutrah, si lile la samaki, kuna mtaa wenye ukuta na lango, Sur al-Lawatia. Mle ni majumbani mwa watu, msiingie. Na picha za watu, hususan wanawake, ombeni ruhusa kwanza. Mabega na magoti yafunikwe. Kwa waliokulia Mwambao hilo halihitaji somo.

## Hatua ya 6: Saa ya kuchoshwa

Hapa ndipo familia nyingi huanguka, kwa hiyo someni taratibu.

Kati ya saa nne na saa tano mtoto mmoja atasema, "Sasa tunafanya nini?" Atasema kwa sauti ya kudai. Mkimjibu kwa pendekezo, siku imekwisha: mtaleta la pili, la tatu, na saa tano na nusu mtakuwa kwenye foleni ya bembea za umeme ndani ya duka kubwa.

Jitieni hamnazo. Tandikeni kanga kivulini, toeni karata, mzazi mmoja ajilaze. Nusu saa. Dakika kumi za mwanzo watagombana. Kumi zinazofuata watanuna. Baada ya hapo kitu hutokea, na hamwezi kukijua mapema. Wetu mdogo aligundua kwamba maji ya ukingoni ni maangavu na samaki wanaonekana, akaanza kuwapa majina. Siku nyingine ilikuwa shakwe na makombo ya mkate.

Siku niliyoikumbuka zaidi, wawili waligombea karata kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa sauti. Benchi la jirani alikaa mzee, kanzu nyeupe, kofia ya mkono. Akageuka. "Wee mwanamke, karata umeificha chini ya kanga. Mie nimekuona."

Watoto waliganda. Mkubwa ndiye aliyezinduka: "Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Haya, nipeni na mimi."

Alizaliwa Pemba, akaondoka kijana. Maskati wako wengi kama yeye, wenye asili ya Unguja na Pemba, na watoto wao nao hukisikia Kiswahili. Alicheza na watoto mpaka adhana ya adhuhuri, akiwaibia karata waziwazi na kuwakemea wao kwa wizi. Mama mkwe alimuuliza kama maboga ya huko yana ladha. Akatingisha kichwa kwa masikitiko makubwa.

Tahadhari: kijana mkubwa ndiye atakayewashinda. Anachotaka si kuburudishwa. Anataka asionekane yuko na wazazi. Mpeni kibeti. Yeye aagize, yeye alipe, yeye ahesabu baisa. Anayeshika hela haoni aibu.

Na ile simu moja isitoke mfukoni saa hii. Ikitoka kwa dakika tano, hairudi.

## Hatua ya 7: Saa saba, ndani

Mji wenyewe hulala. Maduka mengi ya sokoni hufunga kati ya saa saba na saa kumi alasiri, na anayezunguka wakati huo anaona milango tu. Kuleni wali na samaki penye feni njiani, rudini, fungeni mapazia.

Asiyetaka kulala asilale, ila asiongee. Hapa watu wataanza kuzitafuta simu za kwenye droo. Mtu mzima akichukua yake kwanza, asitegemee mtoto atamsikiliza.

Dalili ya kufanikiwa: mtu anakoroma.

## Hatua ya 8: Jioni, sokoni bila orodha

Tokeni saa kumi na nusu. Desemba jua la Maskati huzama mnamo saa kumi na moja na nusu kwa saa zao, ambazo ziko mbele ya zetu kwa saa moja, na milima huleta kivuli mapema kuliko hapo.

Soko la Mutrah lina vichochoro vyembamba vilivyoezekwa. Sehemu yake moja huitwa Al Dhalam, yaani giza. Ukiingia na orodha ya zawadi za shangazi saba utatoka na kichwa kinauma. Orodha ibaki kwa siku nyingine. Mpeni kila mtoto rial yake moja na masharti haya: ni yako, ukitaka itumie, ukitaka rudi nayo, na hakuna mkubwa wa kukushauri.

Kukaa kimya hapo ni kazi ngumu. Mdogo wetu aliinamia magunia ya ubani kwa muda mrefu, muuzaji akimnusisha mmoja baada ya mwingine. Aliupenda hojari, ule wa rangi ya kijanikijani unaosifiwa kuliko wote, rial yake ikamfikisha kwenye punje chache ndani ya mfuko. Akalipa kama tajiri. Mkubwa alizunguka saa nzima, akarudi na rial yake.

Mkipotezana: waambieni watoto kabla ya kuingia kwamba mtakutana kwenye lango kubwa linalotazama bahari. Soko limeinamia pwani, kwa hiyo anayefuata mteremko atatokea barabara ya bahari. Mvua kubwa ikianza, msiingie. Njia ya soko ndiyo njia ya maji ya bonde, na yakija huja kwa kasi.

Mkitoka, fuateni moshi. Mishkaki huko pia ni mishkaki, hata jina hawakulibadilisha sana. Mkae ukutani, mle kwa mikono.

## Yakienda kombo

Watu wamegombana kweli. Gawaneni makundi mawili, kila moja na mtu mzima mmoja na karatasi yake ya hoteli, mkutane saa saba. Msitafute mwenye makosa.

Mtu kazidiwa na jua. Kivulini, maji kidogokidogo, teksi, chumbani. Ikiwa hali si ya kawaida, namba ya dharura ya Omani ni 9999.

Baba hawezi kukaa. Wako wengi, na hawakufanywa hivyo na mtu. Mtumeni maji. Atavuka barabara, ataulizia bei ya kitu asichokihitaji, atapiga soga na muuza duka kwa lugha wasiyoijua wote wawili, atarudi baada ya dakika arobaini na chupa mbili. Msimuulize alikuwa wapi.